Je, wajua kwa nini nyumba nyingi nzuri za Kibosho hufungwa karibu mwaka mzima?

Ukipanda kutoka Moshi mjini kuelekea Kibosho au Machame, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, mwezi wa tano, mvua za masika zikiwa bado zinanyesha, utaona katikati ya migomba nyumba kubwa za kisasa zenye geti la chuma, madirisha yamefungwa na ua umefagiliwa. Ndani hakuna mtu. Ndugu yangu mmoja aliyeko Uingereza aliniomba nikamwangalizie nyumba yake ya namna hiyo, na mama anayeitunza akanifungulia sebule. Makochi yalikuwa yamefunikwa kwa mashuka, jokofu lilikuwa bado na nailoni ya dukani, na kabatini kulikuwa na vikombe 12 ambavyo vilikuwa havijabanduliwa karatasi ya bei.

"Shikamoo mama. Wenyewe huwa wanakuja lini?"

"Marahaba mwanangu. Desemba, Mungu akijalia. Mara ya mwisho walikaa siku tisa."

Wapo wanaosema kwamba nyumba hizo ni majivuno tu, fedha iliyofukiwa ardhini ili majirani waone. Mimi sikubaliani nao. Kwa maoni yangu, nyumba ya namna hiyo ni neno la mtu ambaye hajaamua kama atabaki ughaibuni au atarudi, na sababu za kutoamua kwake ni nzito kuliko tunavyodhani tunapomsubiri hapa nyumbani.

Tuanze na ardhi yenyewe. Kihamba cha Mchagga, yaani ardhi ya urithi wa ukoo, si shamba la kawaida, kwa kuwa ndipo ilipo migomba na kahawa, ndipo ng'ombe hufungwa zizini, na ndipo wazee wa ukoo walipozikwa. Kwa desturi, mtoto wa kiume wa kwanza hupewa sehemu yake, kitinda mimba hubaki na boma la wazazi, na wale wa katikati hulazimika kutafuta mahali pengine. Mlima haukuongezeka huku watu wakiongezeka, hivyo wengi waliondoka: kwanza kwenda Arusha na Dar es Salaam, kisha nje ya nchi. Hata hivyo kuondoka hakukuwa kukata shina. Ndiyo maana kila Desemba mabasi ya kwenda Moshi hujaa pomoni, na Watanzania wenzetu husema kwamba Wachagga wanakwenda kuhesabiwa.

Sasa, kwa nini mtu mwenye kihamba, nyumba na hamu ya kurudi asirudi? Jibu ambalo watafiti wa uhamaji wamelipata katika nchi mbalimbali huwashangaza wengi: kinachomzuia mtu kurudi mara nyingi si mapenzi ya ugenini, bali ni hofu kwamba akitoka, mlango utafungwa nyuma yake.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Ujerumani Magharibi. Kuanzia mwaka 1955 nchi hiyo iliajiri wafanyakazi kutoka Italia, Uturuki na kwingineko, na hadi mwaka 1973 walikuwa wameingia takriban watu milioni 14, ambao takriban milioni 11 kati yao walirudi makwao. Walikwenda, wakafanya kazi, wakarudi. Novemba 1973, wakati wa mgogoro wa mafuta, serikali ilisimamisha ajira hiyo kwa matarajio kwamba idadi ya wageni ingepungua. Wale waliokuwa bado huko, hasa Waturuki, walitambua kwamba anayeondoka hatapata nafasi ya kurudi kazini, kwa hiyo wengi walikaa na kuzileta familia zao. Hali kama hiyo ilitokea Marekani ulinzi wa mpaka wa Meksiko ulipozidi kukazwa baada ya mwaka 1986: vibarua waliozoea kwenda kwa msimu na kurudi kwao waliacha kurudi, kwa kuwa kuvuka mara ya pili kulikuwa ghali na hatari.

Mlango huo unawahusu vijana wetu pia. Mtu mwenye ruhusa ya kuishi Uingereza bila kikomo kwa kawaida huipoteza akikaa nje ya nchi hiyo zaidi ya miaka miwili mfululizo. Marekani, mwenye ukaazi wa kudumu anayekaa nje zaidi ya mwaka mmoja bila kibali maalum anaweza kuhesabiwa kuwa ameyaacha makazi yake. Huwezi, basi, kuja Moshi ujaribu maisha kwa miaka mitatu, ufungue duka au ufuge kuku, uone kama inawezekana. Anayetaka kujaribu bila hofu inambidi kwanza achukue uraia wa huko, na hapo ndipo mambo yanapokuwa magumu kwetu kuliko kwa jirani zetu.

Ukivuka mpaka wa Holili na kuingia Taveta, upo katika nchi ambayo katiba yake ya mwaka 2010 inamruhusu raia wa kuzaliwa kubaki Mkenya hata akichukua uraia mwingine. Mtanzania mtu mzima anayechukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake hupoteza ule wa Tanzania, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 kwa kawaida haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Kwa maneno mengine, karatasi inayomwezesha kurudi kwa amani ndiyo hiyo hiyo inayoitikisa haki yake juu ya kihamba cha baba yake. Mwaka 2024 serikali iliwasilisha bungeni mapendekezo ya kuwapa watu wenye asili ya Tanzania hadhi maalum katika masuala ya uhamiaji na ardhi. Naiona kuwa hatua njema, ingawa hadhi si uraia, na mtu aliyezaliwa Kibosho huumia kuitwa mwenye asili ya kwao.

Yapo na mengine. Watoto waliosomea huko hawataki kuhama, na mgonjwa wa figo huwaza kwanza hospitali. Pensheni ya serikali ya Uingereza humtaka mtu awe amechangia angalau miaka 10, na mstaafu anayehamia Tanzania hubaki na kiwango alichoanza nacho bila nyongeza ya kila mwaka, jambo linalouma kadiri bei zinavyopanda. Hata hivyo, katika mazungumzo yangu na ndugu yangu kwa simu, pensheni huja mwishoni. Kinachotangulia ni swali lile lile: nikija, nitaruhusiwa kutoka tena?

Siku ile, kabla sijaondoka, mama alinipeleka nyuma ya nyumba. Kando ya kaburi la baba yao, lililojengewa vigae vyeupe, palikuwa na nafasi ya hatua chache iliyopandwa pembezoni masale, mmea ambao Wachagga huuheshimu na kuupanda mipakani na makaburini. Aliniambia kwamba mwenye nyumba ndiye aliyeagiza hapo pasipandwe mgomba wala kahawa, na kila anapopiga simu huuliza kama masale bado yamesimama.