Kutarizi fulana za zawadi kwa mashine: namna ya kukituliza kitambaa kinachovutika

Kila inapokaribia Idi au Krismasi, mimi hupokea swali la namna moja kutoka kwa watu walionunua mashine ndogo za kutarizi za nyumbani. Ua limetoka vizuri kwenye kitambaa cha meza, lakini ua lile lile, lilipotariziwa kwenye fulana ya mtoto, limejikunja pembezoni, duara limebonyea upande mmoja, na kifua chote kimesinyaa. Wengi huilaumu mashine au uzi, ilhali mara nyingi chanzo ni kitambaa, ambacho hakikuandaliwa kubeba mzigo wa mishono.

Khanga, bafta na drili hufumwa kwa nyuzi zinazopishana kwa mkato, na kwa hiyo huvutika kidogo tu, hasa zikivutwa kwa mshazari. Kitambaa cha fulana ni kitu kingine kabisa: kimeundwa kwa vitanzi vya uzi, kila kitanzi kikiwa kimeshikwa na kitanzi kingine, ndiyo maana hutanuka, zaidi kwa upana, kisha hurudi kilipokuwa. Mshono wa tarizi, kwa upande wake, hautanuki. Kila mshono hukivuta kitambaa kwa kiasi kidogo mno, lakini mishono ikifika maelfu, vitanzi husogea na sura ya pambo huharibika. Kwa hiyo kazi yote ya kutarizi fulana ni kukiondolea kitambaa uwezo wa kuvutika mahali pale tu litakapokaa pambo, kabla ya mshono wa kwanza, na kuhakikisha kwamba uwezo huo haurudi hata baada ya kufuliwa mara nyingi.

Kinachofanya kazi hiyo ni egemeo, yaani kitambaa cha chini kisicho na vitanzi kinachoshonwa pamoja na fulana. Kuna maegemeo ya aina mbili kubwa: moja huchanwa kwa mkono baada ya kazi, nyingine hukatwa kwa mkasi na kuachwa nyuma ya pambo maisha yote ya nguo. La kuchana huwavutia wanaoanza kwa sababu nyuma ya kazi hubaki safi, lakini mimi sishauri litumiwe kwenye fulana, hata kwa pambo dogo. Sindano hulitoboa na kulidhoofisha, kulichana huivuta mishono, na likishaondoka hakuna kilichobaki kuishikilia tarizi. Tumia la kukatwa. Kwa fulana ya kawaida, la uzito wa gramu 85 hivi kwa mita ya mraba linatosha, na kwa fulana nyepesi au nyeupe ambayo egemeo zito lingeonekana kwa mbele, yapo mepesi yenye umbo la wavu. Gamstifu, ile inayotiwa ndani ya kola ili isimame, si mbadala mzuri, kwani huifanya sehemu ya kifua iwe ngumu.

Jambo la pili ni fremu, yaani kibanio kinachokishika kitambaa wakati wa kutarizi, na hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Mtu aliyezoea kuvuta khanga hadi ikaze ndani ya fremu hufanya hivyo hivyo kwa fulana, kisha anatarizi juu ya vitanzi vilivyotanuliwa; akiitoa, kitambaa kinarudi, pambo halirudi, na mikunjo inajitokeza kulizunguka. Njia ninayoipendelea ni kukaza egemeo peke yake ndani ya fremu, kulipulizia gundi nyepesi ya muda, kisha kuilaza fulana juu yake kwa kiganja bila kuivuta, na kuishikiza kwa mishono mirefu kuzunguka eneo la pambo. Gundi ipulizwe mbali na mashine, kwa sababu vumbi lake hunata kwenye sehemu ya bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini. Kwa mashine ya kitanda bapa, yaani isiyo na mkono mwembamba wa kuvalishia nguo, igeuze fulana na uikusanye pembeni ili mgongo usije ukashonwa pamoja na kifua. Tukio hilo ni la kawaida kuliko watu wanavyokiri.

Sindano iwe ya ncha ya mviringo, namba 75/11, ambayo shina lake lina unene wa milimita 0.75. Ncha hiyo huvisukuma vitanzi pembeni badala ya kuvikata, na kitanzi kilichokatwa huwa tundu baada ya kufua. Punguza mwendo hadi mishono 600 hivi kwa dakika. Kwa fulana za kola, zile tunazoziita fomu siksi, ambazo uso wake una vijishimo, weka juu utando mwembamba unaoyeyuka kwa maji, la sivyo herufi ndogo zitazama.

Kuhusu pambo, ushauri wangu huwaudhi baadhi ya watu: achaneni na picha kubwa zilizojazwa rangi kila mahali. Pambo zito juu ya fulana laini hukaa kifuani kama ubao, na anayepewa huivaa mara moja kwa heshima kisha huikunja. Chagueni michoro ya mistari na nafasi wazi: jina la mtoto, tawi la mkarafuu, asumini, au korosho ile ya kwenye khanga. Anayeuandaa mchoro kwenye kompyuta aweke kwanza mishono myepesi ya msingi, inayofunga fulana na egemeo kabla ya rangi kuja juu, na pambo lianzie katikati kuelekea nje. Ukiukuza mchoro ulionunua, hakikisha programu imehesabu upya mishono yake.

Anayetaka rangi nyingi bila uzito atumie kiraka cha khanga. Mashine hushona kwanza mstari mmoja unaoonyesha mahali, unalaza kipande cha khanga juu yake, inashona mstari wa pili wa kukishikilia, unasimamisha mashine na kukata ziada kwa mkasi mdogo karibu kabisa na mshono bila kuitoa kazi kwenye fremu, kisha mashine inamalizia ukingo kwa mishono minene iliyobanana. Kwa njia hiyo eneo lote la katikati halina mshono hata mmoja, na fulana hubaki laini. Zawadi ya namna hii hunipendeza kuliko zote, hasa ikiwa khanga ni mabaki ya ile aliyoivaa bibi wa mtoto. Khanga mpya ifuliwe kwanza mpaka maji yatoke safi, kwani nyekundu yake haina adabu juu ya fulana nyeupe.

Fulana nayo ifuliwe na kukaushwa kabla ya kazi, kwa kuwa pamba mpya husinyaa na egemeo halisinyai. Fulana nzuri ya mtumba ina faida hapo, maana imekwisha kusinyaa zamani. Ishike tu kwenye mwanga uone kama haijachakaa.

Zawadi ya siri haipimwi mwilini, kwa hiyo azima fulana ya zamani ya mhusika na upime juu yake. Kwa mtu mzima, pambo la kifua cha kushoto huwa sentimita 19 hadi 23 chini ya mshono wa bega, na sentimita 10 hadi 15 kutoka mstari wa katikati. Kwa watoto vipimo hivyo havifai, tumia jicho.

Kazi ikiisha, kata egemeo ukibakiza sentimita moja kuzunguka pambo na uviringishe pembe zake, kisha kwa mtoto mchanga bandika kwa pasi kitambaa laini nyuma ili mishono isimkwaruze. Fulana ifuliwe ikiwa imegeuzwa, na pasi ipigwe kwa ndani juu ya taulo. Ikiwa uzi ni reyoni, mweleze anayeipokea asiitie dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Uzi wa poliesta huivumilia vizuri zaidi, ndiyo maana nguo za watoto huzitarizi kwa poliesta.