Soseji: rangi haikwambii kitu

Mtu akinunua soseji hapa kwetu, Unguja au Pemba, maswali yake huwa mawili: ni ya kuku au ya ng'ombe, na je, ni halali? Ni maswali ya haki. Ila jibu linalomridhisha mara nyingi ni picha ya kuku iliyo juu ya paketi, na picha haijibu hata moja kati ya hayo mawili.

Jina la mbele ni la kuuzia. Maelezo yako nyuma, kwa herufi ndogo, na viambato hupangwa kwa uzito: kilicho kingi hutangulia. Ukikuta maji na wanga vimeandikwa kabla ya nyama, irudishe paketi kwenye friza ya duka, maana utalipia unga kwa bei ya mnofu. Soseji inayoitwa ya kuku inaweza kutiwa mafuta ya ng'ombe, na ganda lake likawa la kolajeni, protini ambayo kwa kawaida hutokana na ngozi ya ng'ombe. Maganda ya asili ni utumbo, wa kondoo, wa ng'ombe au wa nguruwe. Kwa hiyo suala la halali haliishii kwenye kuku na kisu. Ganda nalo liulizwe. Tafuta alama yenye jina la taasisi iliyoitoa. Neno "halali" lililochapwa peke yake, bila mwenye kulisimamia, mimi halinitoshi.

Dhana inayoharibu soseji nyingi kuliko zote ni hii: "ikiwa na wekundu ndani, bado haijaiva." Watu hukaanga mpaka ganda linageuka jeusi, na ndani bado ni waridi. Itabaki waridi. Viwanda hutia chumvi ya naitraiti, ile inayoandikwa E250, ambayo hushikamana na protini inayoipa nyama rangi, na joto la jiko haliufuti wekundu huo. Hatari iko upande wa pili: kima isiyo na naitraiti inaweza kuwa kahawia kabisa kabla haijafikia joto la kuua vijidudu. Kinachoamua ni joto la katikati, nyuzi 71 kwa nyama ya ng'ombe na 74 kwa kuku. Themomita ya chakula huchomekwa kutokea mwisho wa soseji, ikafuata urefu wake mpaka kati. Usipokuwa nayo, punguza moto, ongeza muda, kisha kata ile nene kuliko zote uone kama katikati panatoa mvuke.

Soseji nyingi za paketi, kama za viena, zimeshapikwa kiwandani, na ndiyo maana wapo wanaozila baridi kutoka kwenye friji. Naomba tuache. Mwaka 2017 na 2018 Afrika Kusini ilipata mlipuko wa ugonjwa wa bakteria aitwaye listeria, uliotokana na poloni, aina ya soseji ya tayari kuliwa. Zaidi ya watu 1,000 waliugua na zaidi ya 200 wakafariki, wakiwemo watoto wachanga wengi. Listeria huzaliana hata kwenye baridi ya friji, haitoi harufu, na kwa mjamzito hufika mpaka kwa mtoto tumboni. Mama mwenye mimba apewe soseji iliyo moto ya kufuka mvuke, au asipewe.

Na uma je? Wengi huitoboa soseji eti isipasuke. Inapasuka kwa sababu moto ni mkali, mvuke unajaa ndani ganda likashindwa kuhimili. Ukitoboa, maji na mafuta yenye ladha yanaishia kwenye mkaa, moto unaruka, unabaki na soseji kavu. Soseji mbichi itie kwanza kwenye maji ya moto yasiyochemka, kama nyuzi 80, pale vipovu vidogo vinapotanda chini ya sufuria. Iache dakika kumi, ifute maji, ndipo uimalizie kwenye jiko la mkaa uliotawanywa.

Kwenye friza nako kuna imani kwamba kugandisha upya huua vijidudu. Baridi huvilaza tu, ikiyeyuka, vinaamka. Unguja ilikaa bila umeme wa gridi miezi mitatu, Disemba 2009 hadi Machi 2010, kwa hiyo friza kuyeyuka si jambo geni kwetu. Umeme ukikatika, usifungue mlango: friji hushika baridi kama saa nne, friza iliyojaa saa 48, yenye nusu saa 24. Soseji yenye barafu bado inaweza kurudishwa. Iliyokaa nje saa mbili itupe, na siku za kaskazi, joto likipita nyuzi 32, ni saa moja tu. Usiinuse ili uamue.

Wapo pia wanaosema soseji ya kuku haihusiani na saratani. Oktoba 2015 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliiweka nyama iliyosindikwa kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani, na nyama hiyo ni pamoja na ya kuku. Gramu 50 kila siku huongeza uwezekano wa saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18 hivi. Kundi hilo, ambalo sigara nayo imo, linaonyesha uhakika wa ushahidi, si kwamba soseji ina madhara sawa na sigara. Ya sikukuu haina neno; ya kila siku kwenye chakula cha mtoto cha skuli siikubali.

Ukitaka kujua ulichokula, tengeneza mwenyewe. Mashine si lazima, wala utumbo. Chukua kilo ya kima ya ng'ombe ambayo robo yake ni mafuta, chumvi gramu 18, thomu, pilipili manga, kungumanga kidogo na barafu iliyopondwa. Nyama ikipata joto, mafuta huyeyuka na kujitenga kikaangoni, kwa hiyo kila kitu kiwe baridi. Kanda mpaka ing'ang'anie kiganjani. Hapo chumvi imeshatoa protini inayoishikanisha nyama. Viringisha kwenye plastiki ya kupikia, funga ncha mbili, tia kwenye maji yale ya nyuzi 80 mpaka katikati pafike 71. Ivue, kisha ikaange kwa mafuta kidogo mpaka ishike rangi pande zote, uile na pilipili ya ukwaju.