Chumvi ya iodini na mionzi ya nyuklia: maswali ya watu wa Malindi

Tangu ianze ile habari ya kujenga kinu cha nyuklia pale Uyombo, huku kwetu Kilifi, kina mama hapa Malindi wananiuliza sana kuhusu chumvi, nimeona nijibu hapa.

Iodini inahusiana nini na nyuklia?
Kinu kikipata ajali kinaweza kutoa iodini yenye mionzi, na tezi ya shingo, inayotumia iodini ya kwenye chakula, haijui kutofautisha hiyo na ya kawaida, inameza tu. Kinu cha Chernobyl kule Ukraine kilipolipuka mwaka 1986 watoto wengi waliipata kwenye maziwa, ng'ombe walikula nyasi zilizoangukiwa na sumu, na miaka ya baadaye maelfu wakapata saratani ya tezi.

Basi nikila samaki na chumvi yenye iodini kila siku nimejikinga?
Kiasi, ndio. Tezi iliyoshiba haivuti kwa pupa kama tezi yenye njaa, ndo maana watoto wa sehemu zenye upungufu wa iodini waliumia zaidi. Mtu mzima anahitaji maikrogramu 150 kwa siku, mjamzito 250, na hiyo unaipata jikoni kwako. Lakini angalia chumvi yenyewe jamani, ile ya mawe ya kupimiwa inayotoka mashambani Gongoni bila kupitia kiwandani huenda haina iodini kabisa, na hata ya pakiti ukiiacha wazi kwenye kopo kando ya jiko iodini inapotea, ifunike, tia chakula kikikaribia kuiva.

Siku ya ajali niongeze chumvi?
Hapana, tafadhali usijaribu! Kidonge cha dharura, kile cha kuishibisha tezi iodini safi siku ya ajali, cha mtu mzima kina miligramu 100 za iodini, na kilo moja ya chumvi yetu ina kama 30 hadi 50, yaani ule si chini ya kilo mbili, utakufa na chumvi kabla ya mionzi. Baada ya ajali ya kinu cha Fukushima kule Japani 2011 watu China waligombania chumvi madukani bila faida yoyote.

Na kidonge je?
Kinamezwa serikali ikisema, kabla mionzi haijafika au ndani ya saa chache, watoto dozi yao ni ndogo. Wa kwanza ni watoto, wajawazito na wanaonyonyesha, sisi tuliopita miaka 40 faida yetu ni ndogo. Kinalinda tezi peke yake, sumu nyingine hakizuii, kwa hiyo bado utaambiwa ujifungie ndani au uhame, na maziwa ya ng'ombe wa hapo mtoto asipewe mpaka yapimwe.