Fumbo la nyumba tano Einstein hakulitunga, na wewe unaliweza

Kila baada ya muda linazunguka tena kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Dar, lile fumbo la nyumba tano za rangi tano (nyekundu, kijani, bluu, njano na rangi ya pembe za ndovu), kila moja ina mtu wa taifa lake, unapewa madokezo utafute nani anafuga punda milia, na juu yake wameandika eti Einstein alilitunga akiwa mdogo na asilimia 2 tu ya watu ndo wanaliweza. Watu wakisoma hivyo wanaliacha, na inaniuma kwa kweli.

Ushahidi kwamba ni la Einstein haupo. Lilichapwa kwenye jarida la Life International Desemba 1962, yeye alishafariki 1955, na Machi 1963 walipotoa jibu wakaweka na majina ya mamia ya wasomaji waliopatia. Hiyo asilimia 2 haina chanzo.

Wala sio la kubahatisha. Chora jedwali, piga X panapokataa. Madokezo yanasema Mnorwei yuko nyumba ya kwanza na nyumba jirani yake ni bluu, basi ya pili ni bluu. Nyekundu ni ya Mwingereza, kwa hiyo ya kwanza sio nyekundu. Kijani imegusana na ile ya rangi ya pembe, iko kulia kwake, sasa ya kwanza haiwezi kuwa kijani maana kushoto kwake hakuna kitu, na ya pembe haiwezi maana inayofuata ni bluu. Imebaki njano! Hakuna dokezo lililosema nyumba ya kwanza ni njano, umeipata kwa kufuta tu. Ukikwama usikisie, rudia madokezo uliyoyaruka, kuna moja sasa hivi litafanya kazi.