Mbunge wa Nunavut hana chama
Wengi hudhani kila mbunge wa Kanada ametumwa na chama. Katika bunge la Nunavut, eneo la kaskazini kabisa lenye serikali yake, sivyo. Tangu eneo hilo lianzishwe tarehe 1 Aprili 1999, mgombea husimama kwa jina lake tu. Wakishachaguliwa, wabunge wote 22 hukutana Iqaluit, mji mkuu wa eneo hilo, na kumchagua spika, waziri mkuu na mawaziri kwa kura ya siri. Wanaobaki huwabana mawaziri kwa maswali, na huwabana kwelikweli.

Eva Aariak, waziri mkuu wa Nunavut kuanzia 2008 hadi 2013, hakubebwa na chama. Awali alikuwa kamishna wa kwanza wa lugha wa Nunavut. Na lugha huko si pambo: Kiinuktitut, lugha ya Wainuit, wenyeji wa huko, husemwa bungeni, wakalimani wakitafsiri papo hapo, mbele ya siwa ya jino la nyangumi aitwaye narwhal.