Kwa nini daktari wa meno wa watoto anauliza habari za chanjo ya HPV?

Mzazi wa Marekani anampeleka mwanawe wa miaka 11 kusafishwa meno. Daktari anahesabu meno, anakagua fizi, kisha anauliza: huyu ameshachanjwa HPV? Meno na chanjo, wapi na wapi?

Jibu liko nyuma ya ulimi. HPV ni kirusi kile kile kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, na ndiyo maana wengi wetu tunaijua chanjo yake kama ya wasichana. Lakini aina yake ya 16 hukaa pia kwenye shina la ulimi na kwenye zile tezi za koo zinazovimba mtu akiugua mafindofindo. Zamani saratani ya koo ilihesabiwa kuwa ya wavuta sigara na wanywaji pombe. Leo, nchini Marekani, takriban asilimia 70 ya saratani za sehemu hiyo ya koo zinahusishwa na HPV. Kwa idadi ya wagonjwa wapya huko, saratani hii ya koo imeshaipita ile ya mlango wa kizazi, na wanaougua zaidi ni wanaume.

Basi si wapimwe mapema tu? Hapo ndipo pagumu. Daktari wa meno hushika ulimi kwa kipande cha shashi, akauvuta mbele na kumulika koo kwa taa na kioo kidogo. Anachokiona ni uso wa juu wa tezi. Uso huo umejaa vishimo vyembamba vinavyozama ndani, na kirusi hujificha humo chini. Kwa mlango wa kizazi kuna vipimo vinavyokamata mabadiliko kabla hayajawa saratani. Kwa koo hakuna kipimo cha namna hiyo. Mara nyingi mgonjwa hugutuka akiwa mtu mzima, ananyoa ndevu, anapapasa uvimbe shingoni usiouma. Wakati huo saratani imeshahamia kwenye tezi za limfu.

Kati ya siku kirusi kinapoingia na siku uvimbe unapoonekana hupita miaka mingi, hata miongo. Kwa hiyo kinga inatakiwa itangulie kirusi, na kirusi huenea kwa ngono, ikiwemo ya mdomo. Marekani chanjo inapendekezwa katika miaka 11 au 12, na inaweza kuanza mtoto akiwa na 9. Kuanzia 2016 utaratibu wa huko ulikuwa dozi mbili kwa anayeanza kabla ya kutimiza miaka 15, na tatu kwa anayechelewa.

Sasa, katika umri huo nani anamwona mtoto? Chanjo za utotoni zimekwisha, na kijana mwenye afya haendi hospitali bila sababu. Ila kwa daktari wa meno, familia nyingi huko huenda kila baada ya miezi sita. Nadhani kuna jambo jingine pia: mzazi anayeona haya kuzungumzia ngono na daktari wa familia husikiliza kwa utulivu mazungumzo yakiwa ni ya saratani ya koo, tena kutoka kwa mtu ambaye kazi yake ni kinywa.

Chama cha madaktari wa meno wa watoto cha Marekani kiliweka sera ya kuunga mkono chanjo hii mwaka 2017, na chama kikuu cha madaktari wa meno kikafuata 2018. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliongeza saratani za koo na kichwa kwenye orodha ya yanayokingwa na chanjo. Kibali hicho kilitegemea uwezo wake wa kuzuia aina zile zile za kirusi sehemu nyingine za mwili, kwani kusubiri saratani yenyewe kungechukua miaka mingi mno. Kuchoma sindano ni suala jingine: wengi huishia kuuliza na kuelekeza, ingawa jimbo la Oregon liliwaruhusu madaktari wa meno kuchanja tangu 2019.

Kwetu mtoto hufikishwa kwa daktari wa meno jino likishauma, kwa hiyo kazi hiyo hufanywa na wahudumu wa afya, mara nyingi shuleni. Tanzania ilianza mwaka 2018 na wasichana wa miaka 14. Tangu 2024 wanaopewa ni wa miaka 9 hadi 14, dozi moja tu. Wavulana hawamo kwenye mpango huo. Marekani wavulana waliingizwa rasmi mwaka 2011.