Kamera ya joto haioni ndani ya vitu
Hapa Unguja na Pemba, ni rahisi mtu kuamini kuwa kamera ya joto hupenya vitu, hivyo ufa uliojificha kwenye ngao ya joto ya chombo cha angani huonekana papo hapo. Kumbe kamera husoma joto la uso tu. Mafundi hulipasha bamba la ngao hiyo kwa mwanga mkali, kisha hutazama linavyopoa: penye mwanya ndani, joto hukwama na doa la juu hubaki na moto zaidi. Mwaka 2006 wanaanga wa Discovery, chombo cha angani cha Marekani, waliijaribu kamera hiyo nje ya chombo. Ufa mwembamba uliosimama wima kutoka usoni kwenda ndani, kwa kweli, huponyoka kirahisi. Ukimpata fundi umeme mwenye kamera hiyo pale Darajani, mwambie ailenge kwenye kioo cha dirisha kilichofungwa: utaona taswira yako ikiakisiwa na kioo, si barabara.